Jiko la Jirani Ukutani Mwangu

Ukuta wa nje wa nyumba yangu una msumari wa kutundikia sufuria. Una rangi ya bluu pia, na weusi wa moshi pale palipokuwa na jiko, na rafu moja ya simiti ambapo siku hizi wanalala njiwa. Watu wakipita hutazama, wengine hupiga picha, maana mtaa wetu sasa ni mtaa wa kupigwa picha. Wanadhani ni urembo. Ni jiko la jirani yangu, na nyumba yake haipo tena.

Tulikuwa nyumba tano zilizoshikana ubavu kwa ubavu, za mawe yaliyochongwa na watu waliokufa zamani, na paa moja la mabati kutoka mwanzo hadi mwisho. Yeye alikaa ya mwisho, upande wa upepo. Mimi nilimfuata. Kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja tu, wa jiwe moja; akikohoa nilimwambia pole nikiwa kitandani. Tulipanga pale miaka na miaka, tukalea watoto, tukazika waume, kila mmoja wake. Mwenye nyumba alipochoka akasema anawauzia wapangaji, nilichukua pesa zangu za kustaafu unesi, zote, nikanunua yangu, na wenzangu kila mmoja yake. Ndugu zangu kule Njoro walinicheka. Eti pesa zote hizo nanunua nyumba kuukuu kwenye mtaa wa walevi, na shamba liko? Nikawaambia mimi si kiazi, sihitaji shamba.

Halafu mtaa ukaamka. Kilabu cha busaa kikageuka mahali pa kuuza kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Vijana wakachora kuta. Mabroka nao wakaanza kubisha na viatu vyao safi: "Mathe, wewe sema tu bei."

Ni yeye, jirani yangu, aliyetuita. Lazima niseme hivyo, kwa sababu siku hizi anasimulia vingine. Alipika mukimo, akatuketisha jikoni mwake sisi wanawake wa nyumba zote tano, akasema, "Hapa hakuna wa kuuza. Mmoja akiuza, tumeuzwa wote." Tukaomba, na aliyeongoza maombi ni yeye, tena kwa machozi. Nilisema amina kubwa kuliko wote.

Paa lilikuwa limeoza. Fundi alipanda, akashuka akitikisa kichwa. "Mathe, hii paa haikatwi katikati," akaniambia. "Ni kama mkate. Lazima muanzie mwisho mkuje mkifuatana, ama maji itaingia kwa mwenzako." Mwisho ni kwake. Basi tukaunda chama cha kuchangiana, kikaanza na paa lake: mbao, misumari, mabati mapya ya rangi ya damu ya mzee. Tulibeba wenyewe kutoka barabarani, wanawake wazima, mabati vichwani. Mimi kwangu nilikuwa nimeng'oa silingi ya dari iliyojaa uchafu wa popo na kusugua sakafu ya simiti nyekundu mpaka ikang'aa. Rangi ya bluu ilibaki nilipomaliza chumba cha kulala, nikaenda nayo kwake tukapaka jiko pamoja. Alinitania kwamba napaka kama nesi anayempaka mtu dawa ya kidonda. Tulicheka mpaka rangi ikamwagika. Nitasema ukweli: sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Paa langu lilikuwa lifuate baada ya mvua. Kabla mvua haijaisha, Jumatatu moja, lori likasimama kwake. Nikadhani amenunua kochi. Wuui! Kochi lilikuwa linatoka.

"Nimepata kashamba Dundori," akasema, bila kunitazama. "Kijana wangu anataka tulime viazi."

"Na nyumba je?"

"Tutaongea."

Hatukuongea.

Aliyenimaliza ni broka. Alikuja kunishawishi niuze na mimi, akadhani ananipa moyo: "Mwenzako ni mjanja, mathe. Tulielewana naye kitambo, kabla hamjaanza kukutana. Akasema tungoje kidogo aweke mabati mapya, bei ipande." Kitambo! Yaani tukila mukimo ule alikuwa ameshauza. Akilia kwenye maombi, ameshauza. Haki nilikaa chini pale pale mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini changu nilikuwa nimekipakia hata jiko rangi kwa mkono wangu.

Mnunuzi mwenyewe wala hakuwa na haja na mabati. Alitaka kiwanja, ajenge ghorofa ya kulaza wageni. Nyumba ikabomolewa, na yale mabati yetu yakapigiliwa kuzunguka kiwanja yawe ua. Yako pale mpaka leo, naamka nayaona. Ghorofa haijaonekana.

Chama kilikufa. Nani angechanga tena kwa paa la mwenzake? Tulibaki kuviziana, kila mmoja akihesabu ni mabroka wangapi wameingia kwa nani. Paa langu ni lile lile la kutu. Na ukuta ule haukujengwa ukae nje. Ulipasuka kutoka juu hadi karibu na ile rafu, na upepo na vumbi na mvua, vyote vilivyokuwa vikianzia kwake, sasa vinaanzia kwangu. Chumba cha kando kinanuka unyevu. Godoro lilishika ukungu nikalitupa. Fundi amenisihi apige plasta kabla nyumba haijaharibika yote. Wanangu wamenipigia simu wakifoka. Nikakataa. Waliniuliza sababu nikawaambia bila kuficha: nataka aliyeuza aje auone ukuta huu. Tenda wema nenda zako, wanasema. Mimi sina pa kwenda, nyumba nishanunua.

Juzi alikuja. Nilisikia hodi, na nilipotoka alikuwa amesogea pembeni na begi mkononi, anautazama ukuta. Amekonda. Nikamtazama yeye. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kuliko nilivyowahi kungoja mshahara.

Akacheka.

"Ai, kumbe rangi bado imeshika! Si nilikuambia bluu ni nzuri?"

Bluu niliichagua mimi.

Nilimpa chai, kwa sababu mtu hanyimwi chai. Akanieleza kwamba kijana ameoa, mke hamtaki, na baridi ya Dundori imemshika magoti hata kanisani hafiki. Nikamwongezea mkate. Kisha akasema, "Si uko na kile chumba cha kando? Unisaidie tu nikijipanga."

"Kinavuja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Akazungusha kikombe mezani, akazungusha tena. Nikajua sasa atasema pole. Neno moja tu, na ningemtandikia chumbani kwangu mwenyewe, Mungu ananiona. Akasema, "Lakini hata wewe wangekupa bei nzuri. Ulikataa mwenyewe."

Nikasimama, nikamfungulia mlango. Alichukua begi lake akaenda, na sikumuuliza anaenda kwa nani.

Fundi nimemwita. Anakuja wiki ijayo na simiti. Hakuna tena ninayemngoja auone. Majirani waliobaki wananipongeza, eti nimemkomesha. Wacha wapongeze. Kinachoniuma si ukuta wala mabati. Ni kwamba asubuhi ile, niliposikia hodi nikaijua sauti, kabla sijakumbuka alichonifanyia, nilikimbia kufungua mlango.