Taa ya Getini Kwangu

Mimi ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeuzimia mtaa wake mwenyewe taa, tena kwa kibali halali chenye mhuri.

Msicheke kwanza.

Wenzangu wanakusanya stempu, wengine saa. Mimi nakusanya taa za barabarani zilizostaafu. Manispaa ikizing'oa naomba, napewa, nabeba hadi nyumbani. Wakati huo nilikuwa nazo kumi na moja. Moja ililala nyuma ya kochi, mbili chini ya kitanda, na nyingine ilikaa juu ya kabati ikitukodolea jicho tukila.

"Mimi niliolewa na mwanamume," mke wangu alikuwa akisema. "Sikuolewa na idara ya umeme."

Yeye ni msusi. Wateja wake hutoka kazini jioni, kwa hiyo huwasukia nje ya geti letu, chini ya taa ya mtaa. Ikumbukeni hiyo taa.

Basi, nikasikia manispaa inabadilisha taa za zamani. Kona ya sokoni kulikuwa na moja ya chuma, shingo ndefu, kioo kama bakuli. Miaka sita nimeimezea mate! Safari hii walitaka fomu; nikaichukua, nikaijaza harakaharaka kwa furaha.

Mke wangu akasema, "Lete, kesho napita hukohuko. Nitakupelekea."

Nikambusu kwenye paji la uso. Mwanamke wa dhahabu!

Wiki iliyofuata natoka kazini, nakuta gari la mafundi getini. Taa ya mke wangu imelala chini, waya zimekatwa.

"Jamani, mnafanya nini?"

Fundi mkuu akanionyesha fomu. "Mahali taa ilipo, umeandika hapa kwako. Huu mwandiko si wako?"

Ulikuwa wangu. Nilidhani wanauliza naipeleka wapi.

"Irudisheni basi!"

"Mzee, ikishafutwa kwenye daftari imefutwa. Taa mpya za mtaa huu ni mwakani. Saini hapa kwamba umepokea."

Jioni ile walikuja wateja wawili, wakalitazama giza, wakaaga. Mke wangu akabaki kwenye kiti chake, kitana mkononi. Niliona aibu, chakula nikakiacha mezani.

Kesho yake nikaita fundi umeme. Tukatoa taa ya nyuma ya kochi, tukaifunga ukutani. Haikutosha, nusu ya kichwa cha mteja ilibaki gizani. Tukatoa za chini ya kitanda. Jirani akaomba moja kwake. Mama mwenye duka naye akaomba. Kufika Jumamosi zote kumi na mbili ziko nje zinawaka, wateja wamejaa, na sebuleni kwetu ungeweza kucheza mpira.

Nikamwambia, "Mama watoto, nisamehe. Ni kosa dogo tu kwenye fomu."

Akaendelea kusuka. "Nililiona."

"Lini?"

"Siku ileile. Niliisoma mara mbili, nikaikunja vizuri, nikampa karani."

Mteja akacheka kwa nguvu hadi nywele zikamponyoka mke wangu mkononi.

Ile ya sokoni bado ipo. Nimechukua fomu nyingine, na hii naipeleka mwenyewe.

Ndugu zangu, mkeo akigombana na vitu vyako, bado uko salama. Siku akijitolea kukusaidia kuongeza kingine, mwombe fomu uisome upya.