Mtamba wa Mbula

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, si mtoto wa kutojua neno analolitamka, na baba aliponiambia kando ya zizi, "Wakikuuliza, sema ni wa Nyanzala," ningeweza hata kunyamaza tu. Sikunyamaza. Juzi hapa Bariadi mjukuu wangu alikamua ng'ombe karibu na dirisha langu, harufu ya maziwa ya moto na samadi mbichi ikaingia chumbani, na jambo lile likarudi lote.

Kwetu Shishiyu, bibi, mama yake baba, hakujua kusoma, lakini aliwajua ng'ombe wetu kwa mama zao. Jioni, akifukiza vibuyu vya maziwa, alinitajia: huyu kazaliwa na fulani, na fulani kazaliwa na fulani, vizazi saba nyuma. Nikikosea, aliniambia nianze upya. Alikuwa na wajukuu wengi, ila alinichagua mimi kwa kazi hiyo, nami nilijivuna nayo sana.

"Dume linaacha rangi tu," alikuwa akisema. "Maziwa na roho vinatoka kwa mama."

Kulikuwa na uzao wa Nyanzala, jina la mwaka wa njaa. Hao wote walilaza sikio la kushoto wakikamuliwa, walipuliza maji kabla ya kuyanywa, na kiangazi kilipokausha kila kitu wao bado walitoa maziwa. Kulikuwa pia na uzao wa Mbula, jina la mvua. Hao walikuwa wanene, wazuri wa kutazama, lakini kila mmoja alimkataa ndama wake wa kwanza. Alimpiga mateke, wakati mwingine mpaka kumuua. Bibi alijua, kwa hiyo kabla ya siku ya kuzaa kufika alikuwa ameshaandaa kamba ya kumfunga mama miguu ili ndama anyonye.

Kaka yangu Luhende alipoposa binti wa kijiji cha Lingeka, mzee aliyemzaa hakubishana sana juu ya mahari. Alitaka jambo moja: kati ya mitamba, mmoja awe wa tumbo la Nyanzala, maana sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kwao. Sisi tulikuwa na mtamba mmoja tu wa uzao huo, na baba hakutaka kumwachia. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kiangazi. "Akiondoka huyu, wadogo zako watakunywa maji," aliniambia. Mtamba wa Mbula alikuwa wa fahali yuleyule, rangi ileile ya kijivu na tumbo jeupe, basi baba akaamua kumtoa huyo badala yake.

Siku ya kukabidhi, wageni walisimama zizini wakitania.

"Huyu mnene hivi, mmekuwa mnamnywesha togwa?" aliuliza mmoja.

"Ni mkwe wenu Luhende anayemgawia yake!" akajibu baba, wote wakacheka.

Yule mzee wa Lingeka hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewachunga, na kwetu anayechunga ndiye shahidi. Ndiye anayeona nani kazaa nani.

"Ng'wanawane, mwanangu, mama yake huyu ni nani?"

Wanaume wote walikuwa wananitazama. Sitaficha: jambo hilo lilinifurahisha.

"Nyanzala, namhala, mzee wangu," nikasema.

Bibi alikuwa nyuma ya ua wa zizi. Nilimwona kupitia miti. Angeweza kusema, lakini angemvua nguo mwanawe mbele ya wakwe. Aliokota kibuyu chake akaenda zake.

Msimu wa pamba wa mwaka uliofuata, mzee wa Lingeka alikuja kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga ngozi ndogo. Aliitandaza mbele ya baba bila kupandisha sauti, kisha akaomba bibi aitwe.

"Mayu, mama yangu, mtamba alizaa, akampiga mwanawe mateke tukiwa tumelala. Asubuhi tulimkuta amekufa. Wa Nyanzala wanafanya hivyo?"

"Hawafanyi," bibi akasema. "Huyo ni wa Mbula."

"Ningeambiwa, ningemfunga."

"Ndiyo. Ungemfunga."

"Ulijua?"

"Nilisikia, nikanyamaza. Nisamehe, mkwe wangu."

Bibi yangu, mwenye mvi zote zile, alipiga magoti kwa uongo nilioutamka mimi. Baba aliinamisha kichwa. Mzee alirudi kwao na mtamba wa kweli, na hata yule wa Mbula hakumrudisha.

Jioni ile nilikaa karibu na bibi kama kawaida, nikaanza kutaja majina. Alinisimamisha.

"Maneno haya hayana daftari," akasema. "Yanakaa mdomoni. Wako umeshatoboka, mjukuu wangu."

Hakunichapa, hakuninyima chakula. Alinipenda vilevile. Nilipokuwa sekondari nilirudi likizo na daftari na kalamu, nikamwomba anitajie niandike. Aliniuliza habari za masomo.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kumdanganya mkwe, nalo tulilipa kwa mtamba. Nimechelewa kuelewa kwamba bibi hakuwa akinifundisha ng'ombe. Alikuwa anatafuta mtu mmoja ambaye neno lake lingeaminika yeye asipokuwepo, na alidhani amempata.

Alifariki bila kumfundisha mwingine. Baada yake tuliwaita ng'ombe kwa rangi. Ndama walikufa kwa mateke ambayo yangezuiwa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kujua ni nani wa kufungwa. Juzi mjukuu wangu aliniuliza mama wa mama wa ng'ombe wake alikuwa nani, nikamjibu kwamba sijui. Katika vizazi saba alivyonitajia bibi, sikumbuki zaidi ya vitatu. Vinne vilivyobaki nilivipoteza kwa neno moja, na pamoja navyo imani ya bibi yangu, ambaye aliishi miaka tisa zaidi bila kunitajia tena jina hata moja.