Noti za Eufrasia, Zote Zipo

Pale Kibirizi, boti za Burundi zinakopakia mizigo, Eufrasia muuza chumvi anajulikana kwa mdomo wake kuliko kwa chumvi. Mchukuzi akidondosha gunia, atasikia. Mtoza ushuru akikosea hesabu, atarudishwa mwanzo mbele za watu, taratibu, hadi jasho limtoke. Si mgomvi. Ni mwanamke asiyependa kufanywa mjinga, na wapo wanaume wengi wasioona tofauti.

Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na tisa. Ndugu wa mume walijitwalia shamba la michikichi kule Simbo hata matanga hayajaanuliwa, wakamwachia sufuria na watoto watatu. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba naye alilipalilia lile shamba miaka kumi na sita. Siku ile alijiapiza kwamba iko siku atarudi Simbo na kununua michikichi yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na kwamba hakuna atakayemchukulia tena kitu bila maandishi. Akaingia kwenye chumvi. Aliinunua Uvinza, akawauzia Warundi wanaoivusha kwenda Rumonge, na chumvi hiyo ikasomesha watoto mpaka wakaondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki Kasingirima katika vyumba viwili vya kupanga.

Warundi walimlipa kwa faranga. Ukizikimbiza faranga kwa wabadilishaji wa pale ufukweni wanakunyonya, kwa hiyo Eufrasia, kama wenzake wengi, alikuwa akiziweka ndani mpaka atokee mfanyabiashara anayevuka na kuzihitaji, wapatane bei ya haki. Mwanzoni mwa mwaka 2023 alikuwa nazo noti mia nne na kumi na mbili za faranga elfu kumi kumi, amezifukia kwenye ndoo ya mchele. Zilitosha. Mzee Telesphory wa Simbo alikuwa na eka moja ya michikichi anayoiuza, nao walikwisha kupatana bei na kupeana mikono.

Polisi walikuja Jumanne asubuhi, wanne, wakiongozwa na Inspekta Aikande, mwanamke wa Kilimanjaro aliyehamishiwa Kigoma si siku nyingi. Walisema kuna taarifa kwamba nyumba ile inabadilisha fedha za kigeni bila leseni.

Balaa la Eufrasia ni kwamba mwaka uliotangulia alihudhuria semina ya sheria kwenye ukumbi wa parokia. Wenzake walikwenda kwa ajili ya soda na posho ya nauli. Yeye alikwenda na daftari.

“Shikamoo, mama,” akaamkia kijana mmoja wao, Koplo Meshack, mtunza vielelezo wa kituo.

“Marahaba. Hati ya upekuzi iko wapi?”

“Mama, tupishe tufanye kazi,” akasema Inspekta Aikande.

“Kazi fanyeni. Mimi nimeuliza hati. Ya mkuu wa kituo au ya hakimu, yoyote mtakayonipa naipokea.”

Hawakuwa na hati. Waliingia hivyo hivyo. Eufrasia akapaza sauti aitiwe mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mudathir, maana semina ilisema upekuzi usifanyike bila shahidi. Mzee akaja na kanzu ya nyumbani, akasimama mlangoni akitazama vitanda vya watu vikipinduliwa. Walipoumwaga mchele mkekani, noti zikatoka.

Inspekta akazihesabu, akaandika jumla kwenye hati ya kukamata mali, akamsogezea kalamu asaini.

“Hapana,” akasema Eufrasia. “Andikeni na namba. Kila noti ina namba yake. Nisije nikarudishiwa karatasi nyingine mkaniambia ndizo zangu.”

“Noti zote hizi?”

“Kwani mna haraka gani? Bila hati mmekuja, bila namba hamwondoki.”

Watu walikuwa wamejaa uani, na inspekta hakutaka kuonekana mwizi. Meshack akaketishwa kwenye kigoda. Eufrasia akawa anasoma namba kwa sauti, noti moja baada ya nyingine, kijana anaandika, Mzee Mudathir anahakiki. Adhuhuri ilipoadhiniwa mzee alikwenda kuswali, akarudi, akawakuta wamefika mia mbili na thelathini. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna siku ambayo Eufrasia alijisikia mtu kamili kama siku ile, na hata leo anakiri hivyo, kwa uchungu.

Bahasha ikafungwa kwa lakiri, nakala ya orodha ikapelekwa mahakamani, na Eufrasia akashtakiwa. Kesi ikaanza kupigwa kalenda. Leo mwendesha mashtaka anaumwa, kesho jalada halionekani, keshokutwa shahidi yuko masomoni Dodoma.

Mwezi wa sita ukafika. Mteja wake wa Rumonge, Elia, akapiga simu. Benki kuu ya Burundi ilikuwa imetangaza kwamba noti za elfu tano na elfu kumi za toleo la mwaka 2018, zile zile za Eufrasia, zinaondolewa, na mwenye nazo azipeleke benki ndani ya siku kumi. Baada ya hapo hazinunui hata kiberiti.

“Mama Eufrasia, nipe nikuwekee kwa jina langu,” Elia akamwambia. “Ila fanya upesi.”

Alikwenda kituoni mbio, kanga moja, bila hata kufunga kibanda chake cha chumvi. Inspekta Aikande hakumfukuza. Alimsikiliza, akasema kielelezo hakiguswi bila amri ya mahakama. Mahakamani karani akapokea maombi yake, akagonga muhuri, akamwambia hakimu amesafiri kikazi, yatasikilizwa tarehe ishirini. Siku kumi za Warundi zilikuwa zinaishia tarehe kumi na saba.

Akarudi kituoni. Safari hii alimtafuta Meshack, akamkuta nyuma ya stoo.

“Mwanangu, wewe ni mtoto wa hapa hapa. Nisaidie.”

Meshack alitazama huku na huku. “Yebaba wee! Mama, unadhani sijalifikiria? Ingekuwa imeandikwa jumla tu, ningekupa hizo noti, huyo Mrundi wako akazipeleka benki, ukaniletea mpya zenye thamani ile ile, nikazifunga upya. Nani angejua? Lakini namba zimeandikwa. Nakala iko kwa hakimu.” Akashusha sauti. “Na wewe ndiye uliyezisoma.”

 Kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe, Eufrasia alitembea kutoka mjini mpaka Kasingirima akilia barabarani, na hakuona haya.

Tarehe ishirini hakimu alisikiliza maombi, mwendesha mashtaka akapinga, ikatolewa tarehe nyingine. Haikuwa na maana tena. Mzee Telesphory alimvumilia mpaka msimu wa mawese wa mwaka uliofuata, kisha akatuma salamu za kumpa pole. Shamba alikuwa amemuuzia mwalimu mmoja. Eufrasia hakumlaumu. Mtu mzima amengoja, afanye nini zaidi?

Hukumu ilisomwa baada ya mwaka mwingine kupita, na ilikuwa nzuri kabisa. Hakimu alisema polisi waliingia bila hati na bila dharura yoyote, kwamba nyumba ya raia si soko, na kwamba kilichopatikana kwa njia ile hakiwezi kumtia mtu hatiani. Mshtakiwa yuko huru. Fedha zake zirudishwe kama zilivyochukuliwa. Huko nyuma wanawake wa chumvi wakapiga vigelegele.

Eufrasia alisimama. “Mheshimiwa, hizo faranga zilikwisha kufa. Naomba nilipwe kwa shilingi.”

Hakimu alivua miwani. Alikuwa mtu mstaarabu, na hilo lilizidi kumuumiza Eufrasia. “Mama, mahakama hii inarudisha kitu kilichochukuliwa. Kingekuwa kimepotea, ningeamuru ulipwe thamani yake. Hakijapotea. Ukitaka fidia, fungua shauri jingine dhidi ya serikali. Utatoa kwanza notisi ya siku tisini.”

Wiki ile ile watu wa semina walimpigia simu. Walikuwa wamesikia ushindi wake, wakamwomba aje kutoa ushuhuda kwenye mafunzo mapya. Aliwakatia simu, kisha akaona aibu, kwa sababu kila walichomfundisha kilikuwa kweli.

Siku ya kukabidhiwa, Meshack alikuwa amepiga pasi sare. Alikuwa sajini sasa. Aliivunja lakiri mbele yake na kuanza kusoma namba kutoka kwenye orodha ya zamani, Eufrasia akiweka alama, kama walivyofanya siku ile uani, ila hapakuwa na wa kucheka. Walimaliza. Mia nne na kumi na mbili.

“Hata moja haijapungua, mama,” akasema Meshack. “Mvua za mwaka jana stoo hii ilivuja, na panya walikula jalada zima la wizi wa injini. Bahasha yako niliiweka kwenye debe, nikafunga na mfuniko. Kila Ijumaa naikagua.” Alikuwa anangoja shukrani, na kwa kweli alistahili.

Akamsukumia fomu ya kupokea mali. Eufrasia akavaa miwani akaisoma yote, maana hajawahi kusaini asichokisoma. Mstari wa mwisho ulisema kwamba amepokea mali yake ikiwa kamili na hana dai lingine lolote.

“Huu mstari ufutwe.”

“Haufutiki, mama. Fomu inakuja imechapwa hivyo. Usiposaini siwezi kukupa.”

 Eufrasia akavua miwani, akamtazama yule kijana usoni bila hasira, kama anavyotazamwa mtoto aliyejitahidi.

“Meshack, mwanangu, bora ungeziiba,” akasema. “Ungeziiba siku zile, wewe ungekula, na mimi leo ningekuwa nalipwa. Wezi wangenipa michikichi. Wewe umenitunzia uchafu.”

Akainuka, akaiacha fomu mezani bila saini, akarudi Kibirizi kwa sababu kulikuwa na gunia arobaini za kushusha. Siku hizi hapokei faranga, hata Elia humlipa kwa shilingi. Noti ziko kituoni mpaka leo, ndani ya debe lile lile, mia nne na kumi na mbili, na kila Ijumaa zinakaguliwa.