Kakakuona Aliyemuumbua Balozi

Temeke yetu ya miaka ile ya Ujamaa, jambo halikuachwa litokee hivihivi. Bomba likikauka, mkutano. Mbuzi akila nguo kwenye kamba, mkutano. Kwa hiyo siku nilipofungua mzigo wa kuni ulioshushwa na lori la kutoka Kisarawe, nikamkuta humo kakakuona kajikunja na magamba yake, mguu wa nyuma umechanwa na waya wa mtego, nilijua hata kabla sijanawa mikono kwamba jioni hiyo tutakaa kikao.

Na tulikaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, bwana wa suti ya mikono mifupi na kalamu mfukoni ambayo sikuwahi kuiona ikiandika, alitutangazia kwamba mnyama huyu ni mali ya taifa, basi kumtunza ni kazi yetu sote. Kamati ikaundwa palepale: mwenyekiti yeye, na wajumbe wa usafi, wa ulinzi na wa lishe. Wa kumshika mnyama mwenyewe, mie. Eti kwa sababu nimemkuta mie, na eti sie watu wa kusini wanyama tumewazoea. Mie nimekulia misheni, baba yangu fundi cherehani. Mnyama niliyemzoea ni kuku.

Kumtunza kwenyewe kulikuwa na sababu yake. Kakakuona haonekani ovyo, na akionekana watu humuuliza mwaka. Anawekewa maji, unga na panga, halafu anaachiwa, watu wanatazama ataelekea wapi. Akienda kwenye maji, mvua nyingi. Kwenye unga, shibe. Kwenye panga, damu. Waislamu na Wakristo wa mtaani kwetu, wa pwani na wa bara, ambao hata namna ya kupika maharage hawakuwahi kukubaliana, hapo walikubaliana bila mjadala. Ila kwanza apone aweze kutembea. Akifa hajaulizwa, balaa linabaki kwenye nyumba aliyofia.

Na nyumba haikuwa yangu. Mie na mume wangu, kuli wa bandarini, tulipanga chumba kimoja kwa mama mmoja mjane, na nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Usiku haujaingia, mama mwenye nyumba akaja akasimama mlangoni kwetu, mkono kiunoni, akasema kwa ule upole wake unaotisha, "Mwanangu, huyu akifia humu, mtatafuta pa kuhamia."

Pa kuhamia hatukuwa napo. Nilimchukia yule mama siku ile, na nilimchukia kwa moyo wote.

Basi tukaanza kumtunza, yaani mie nikaanza kumtunza na wenzangu wakaanza kunitembelea. Walileta ugali. Walileta maziwa, mchicha, mmoja akaleta chai ya rangi. Mjumbe wa lishe alichuchumaa na dagaa mkononi akimbembeleza mnyama kama mama anayembembeleza mtoto mwenye surua. Mnyama akazidi kujikunja. Kila mgeni alitoka akitikisa kichwa na kuniuliza nimemfanya nini. Kidonda nilikiosha kwa maji ya chumvi kikaanza kukauka vizuri, lakini mwenyewe alikonda mpaka magamba yakawa kama koti la kuazima. Na kila asubuhi mama mwenye nyumba alichungulia kuona kama bado anapumua, halafu ananitazama tumbo, halafu anaondoka.

Mwishowe balozi alimwita bwana nyama, ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyamapori. Akaja na baiskeli, akamgeuza mnyama mara moja tu, akasema huyu hali chochote ila mchwa na sisimizi, tena wengi. Gari la kumrudisha porini lipo, petroli ndiyo haipo. Tumlishe hadi ipatikane. Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mkutano. Balozi akasimama akasema mwenye mchwa nyumbani kwake ajitokeze kwa ajili ya taifa. Mtu gani ajitokeze? Huyuhuyu balozi, kwenye kampeni ya nyumba bora, alikuwa ametuhubiria kwamba nyumba yenye mchwa ni ya mvivu, mvivu ni kupe, na kupe ni mnyonyaji. Sasa nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo, mchwa walikuwamo tangu siku ya kwanza, lakini aliyekuwa tayari kuitwa mnyonyaji mbele za watu alikuwa nani? Wakaanza kuapa. Jirani mmoja, ambaye nguzo ya mlango wake ukiigonga inalia kama kibuyu kitupu, aliapa kwa kitabu kitakatifu. Mie nikanyoosha mkono nikasema mbona kwetu wapo, nyuma ya kitanda changu. Mama mwenye nyumba akanikatiza kwamba nyumba yake haina mdudu. Tulipofika nyumbani alinikuta nakwangua ukuta, akaninyang'anya kisu.

Nikabaki kuokota sisimizi uani kwa kuwategea maganda ya machungwa. Nilihangaika na tumbo langu tangu asubuhi, napata kiganja kimoja, yeye anakilamba chote kwa ule ulimi wake mrefu, kisha ananusa vidole vyangu akitafuta kingine. Nililia. Sijui nilikuwa namlilia yeye au chumba.

Wazee wakaona hali ni mbaya, wakaamua aulizwe upesi kabla hajakata roho. Alasiri tukakusanyika uani kwa balozi, kwa sababu kwake ndiko kulikokuwa na nyumba ya mfano: lipu, chokaa nyeupe, wageni wa wilaya walikuwa wanaletwaga kuitazama. Maji yakawekwa, unga ukawekwa, panga likawekwa. Balozi akatoa hotuba, ndefu, mnyama anakufa. Alipomaliza nikamtoa kwenye kapu.

Alikaa kidogo, akanyoosha pua. Akachechemea mpaka kwenye maji, akayapita. Wanaume wakaguna. Akaupita unga, na panga akalikanyaga kama ukuni. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa balozi, akanusa chini, akaanza kuchimba. Lipu ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake hakukuwa na mti wala udongo. Kulikuwa na mchwa. Wakamwagika, na yule kiumbe akaweka kichwa ndani akala, akala, mkia unatikisika.

Mzee mmoja akauliza hiyo nayo ina maana gani kwa mwaka. Mke wa balozi alijifunika khanga mdomoni, mabega yanamcheza. Balozi akaeleza kwamba ni maji ya mvua yaliyoharibu pale. Tulikuwa katikati ya kiangazi. Mie nilicheka kwa sauti, mbele ya wazee, na mpaka leo sijajuta.

Baada ya hapo, jamani, kila nyumba ilikuwa na mchwa. Kama hata kwa balozi wapo! Watu walikuja na makopo, wakashindana nani ana wengi, nani ana wanene. Aliyeapa kwa kitabu alileta ndoo. Mama mwenye nyumba naye akaniletea kisu changu, akasema nichimbe nyuma ya kitanda, ila nifunge mlango. Nilichimba mpaka nikatokea chumbani kwake.

Gari lilipokuja, mnyama alikuwa anatembea kwa miguu yote. Balozi alihutubia juu ya kazi ya kamati. Mama mwenye nyumba akamwambia bwana nyama, masikio yangu yanasikia, kwamba tangu siku ya kwanza alituambia mnyama huyu hafi nyumbani kwake. Watu wakampigia makofi. Niliingia chumbani nikalala kwa hasira, sikupika.

Jioni sauti yake ikaja kupitia lile tundu la ukutani. "Mwanangu, umekula?"

Nikamwambia, kama ananiuliza mie, apite mlangoni.

Akapita, na sahani ya muhogo mkononi.