Gauni Lililopimwa Mwilini Mwangu

Juzi, sokoni Nateete, nilimwona fundi akimpima mtoto gauni la manjano, nikakumbuka Jumamosi moja ya kuelekea Krismasi, baada ya vita. Wiki nzima Mama alikuwa akishona gauni kama hilo, akilipima mwilini mwangu. Lilinukia chaki na pasi ya makaa, nami niliamini ni langu. Jumamosi hiyo tulilipeleka kwenye nyumba ya watoto yatima, Makindye. Msichana wa rika langu alilivaa, akazunguka.

“Asante, mama!”

“Huyo ni mama yangu,” nilimkemea. “Tafuta wako!”

Mama alinifinya sikio. “Wake alikufa vitani,” alininong’oneza.

Leo maneno yangu yananiaibisha. Siku ile, hata baada ya kuambiwa, ningalimwachia gauni kwa moyo mmoja, kama tu angalinirudishia neno lile, “mama”.