Siham Agawa Miche

Siham Kheri hajui kunong'ona. Marehemu baba yake, fundi saa aliyehamia Tukuyu kutoka Tanga, alikuwa mpole kupita kiasi. Bintiye ni fundi kompyuta, na akiongea dukani kwake, sisi tunaouza maparachichi ng'ambo ya barabara tunasikia kila neno. Nampenda, lakini kwenye maonyesho ya mwaka jana nilitamani kumziba mdomo.

Siku hiyo alikuwa na jambo zito. Shule moja ya Kyimo ilikuwa na kompyuta kumi na mbili kuukuu, na programu mpya za kulipia zilizishinda. Bodi ikataka zitupwe. Siham alizijaribu kwa programu huria, zile ambazo hazina leseni ya kununua, zikawaka zote. Ila mkuu wa shule, mwalimu Jotham, hakuamini kitu kisicho na bei. Alisema atakuja kwenye maonyesho aone watu wanachagua nini, kisha jioni aamue.

Basi meza ya Siham ikapangwa ubavuni mwa kampuni ya programu za kulipia iliyotoka Dar, yenye hema, muziki na fulana za kugawa. Yeye alikuwa na kompyuta moja na bakuli la flashi zenye programu yake. Akapaza sauti: "Bure! Bure kabisa, karibuni!"

Jamani! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huku kwetu neno bure limeshatuuma sana. Kila aliyelisikia alishika mkoba wake akapita. Hadi saa saba hakuna aliyechukua hata flashi moja, na mwalimu Jotham alikuwa hemani, fulana ya kampuni mwilini. Siham akanyamaza. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Aliyesogea ni bibi Tupokigwe, mkulima wa Masukulu. "Mwanangu, hicho unachogawa, mwenyewe nani?"

"Ni cha wote, bibi. Mimi nilipewa, nami nakupa. Ukitaka kukirekebisha, rekebisha. Ukitaka kumpa jirani, mpe."

Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Si ungesema! Huo ni mche wa mgomba. Nani anamwuzia jirani mche? Unaomba, unapewa, wako ukichipua unampa mwenzio."

Siham akapata sauti yake. "Njooni mchukue miche! Ukichipua, mpe jirani!"

Watu wakaja kuona mgomba gani unaota ndani ya kompyuta. Wakacheka, wakauliza, wakakaa. Hata kijana wa kampuni alipunguza muziki akaja kuomba wake. Saa kumi bakuli lilikuwa tupu, ndipo mwalimu Jotham akafika na fulana yake. Siham akachomoa flashi iliyokuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, akampa.

"Hazitupwi," mwalimu alisema. Nilifurahi nikamenya parachichi la kuuza, tukala wote.

Mwaka huu tumekwenda tena. Kwenye meza ya shule ile alisimama msichana wa kidato cha kwanza, Neema, ambaye hakumfahamu Siham hata kidogo. Akamwekea flashi kiganjani.

"Chukua mche, mama. Ukichipua, mpe jirani."

Siham alijibu "ndaga", asante ya Kinyakyusa. Nilikuwa kando yake kabisa, na nusura nisimsikie.