Mama Mkubwa Ni Mama

Treni ilifika mwisho wa reli ikasimama ghafla, kana kwamba hata yenyewe haikuwa imeambiwa kuwa mbele kuna bahari. Mji huu wa kusini nilikuwa nikiujua kwa ramani tu. Niliburuta begi langu kati ya kuta nene zilizoliwa na chumvi, nikapotea mara mbili, nikaipata nyumba ya wageni nyuma ya ngome ya zamani. Mapokezini palikuwa patupu. Nilipanda hadi juu ya paa kumtafuta mwenyeji, nikamkuta mwanamke mnene, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, anapiga pasi shuka za nyumba nzima.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba kaenda sokoni. Mimi mgeni kama wewe," alisema bila kuinua macho. "Jana nimelalia shuka lina makunyanzi kama uso wa bibi yangu. Nikasema hapana, hapa kuna mtu anaichezea kazi. Na hilo shati lako umelitoa kinywani mwa ng'ombe? Livue."

Nikalivua. Hivyo ndivyo nilivyojuana na dobi.

Alikuwa akifua na kupiga pasi katika hospitali moja kubwa ya kwao tangu usichana wake, kwenye chumba cha chini chenye mvuke, ambako shuka za wagonjwa huingia upande huu zikiwa na kila aina ya balaa na kutokea upande ule zikiwa nyeupe, zimekunjwa pembe kwa pembe. "Sijawahi kuwaona wagonjwa wenyewe," aliniambia. "Naona shuka tu. Nikiona la mtoto naliwahisha." Alikuwa amekuja kutembea na familia yake: mumewe, ambaye ni fundi friji, binti yao, waliyempachika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo haukumtulia, na dada yake mkubwa, aliyekuwa ametoka ughaibuni baada ya miaka mingi.

Alasiri nilifuatana nao ngomeni. Fundi friji alikuwa mtu wa mizaha. Mwongozaji wa watalii alipotuonyesha mzinga wa shaba uliotazama baharini, Chiriku alichungulia mdomoni mwake.

"Baba, mzinga gani hauna nyuki?"

"Walihama, mwanangu. Kodi ilipanda."

Hata mwongozaji alicheka. Kisha akatusimamisha chini ya ngazi nyembamba za mawe. "Hapa panateleza, jamani. Kila mtoto amshike mama yake mkono."

Dada mtu alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono mzuri, na ulinyooshwa haraka mno. Chiriku aliutazama, akadhani ameelewa.

"Asante, mama mkubwa," akasema, akamkabidhi chupa yake ya maji. Akamshika dobi, wakapanda.

Fundi friji alikohoa. Safari hii hakuwa na mzaha.

Jioni, dobi akinirudishia shati langu likiwa limenyooka kuliko siku nilipolinunua, alinieleza. Chiriku ni mtoto wa dada yake. Dada alimzaa akiwa hana mbele wala nyuma, akapata kazi ng'ambo, akamwacha mtoto hajaota jino. Ilikuwa ni kwa muda mfupi tu. Dobi na mumewe hawakujaliwa mtoto. Muda mfupi ukaota miguu, ukaanza kutembea, ukaenda shule.

"Nikawa mama. Hakuna aliyeniambia niwe." Alikuwa akilainisha kola isiyohitaji kulainishwa. "Sasa dada ana mume, ana nyumba, karatasi zimekamilika. Kamjia mwanawe. Na ana haki, ndilo linaloniua. Angekuwa mtu mbaya ningepigana naye."

Walikuwa wamekubaliana hivi: mtoto amzoee mama mkubwa katika siku hizi za matembezi, na siku ya mwisho dobi mwenyewe amwambie ukweli, kwa kinywa chake, kabla ya treni. Dobi na mumewe wangerudi nyumbani. Dada na Chiriku wangebaki hapa hadi siku ya ndege.

"Na asipoambiwa?"

"Ataamka huko ugenini adhani nimemtupa."

Siku ya mwisho fundi friji alinigongea mlango. "Twende wote. Mbele ya mgeni hatutalia." Akajaribu kutabasamu. "Kazi yangu mimi ni kupoza vitu, lakini hiki kimenishinda."

Tulikaa kwenye benchi juu ya ukuta wa bahari. Dobi aliiweka mikono mapajani.

"Chiriku, nisikilize mwanangu. Huyu mama mkubwa ni mama yako."

"Eh. Mama mkubwa ni mama."

"Namaanisha mama yako kabisa."

"Ndiyo, kabisa. Mwalimu katufundisha. Dada wa mama ni mama, kaka wa mama ni mjomba, shangazi ni upande wa baba. Nilipata zote."

Nimeishi katika lugha kadhaa. Katika baadhi yake, dada wa mama ana neno lake la pembeni, na mtu akisema "huyu ndiye mama yako" mara moja tu, dunia hupasuka hapo hapo. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kumpa mtoto huyu mama wawili, na hakuona cha ajabu.

Dobi alijaribu tena. "Ni yeye aliyekuzaa."

Chiriku akaangua kicheko. "Hata yule mama wa dukani! Nikimjibu tu, ananiambia, 'Kelele, mimi nakuzaa wewe!' Kila mtu ananizaa mimi!"

Dada mtu alijiinamia. Nilimwona dobi akitafuta neno la tatu, na halikuwepo.

"Utakwenda kukaa kwa mama mkubwa," alisema mwishowe.

"Likizo?"

Mawimbi yalipiga ukuta. Ndipo fundi friji, mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kuvumilia ukimya, akasema, "Ndiyo. Likizo."

Alijua alichokifanya kabla hajamaliza kulitamka neno hilo. Chiriku alikuwa tayari anaruka juu ya ukuta, anauliza kama ndani ya ndege kuna choo.

"Mwambie wewe, dada," dobi alinong'ona.

"Hapa? Mkiwa mnaondoka? Atanichukia milele."

"Basi atanichukia mimi."

Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Dobi alipanga sanduku la mtoto kitandani, nguo pembe kwa pembe. Chini kabisa aliweka magauni aliyokuwa amemshoneshea. Chiriku alivuta moja, akajipima. Lilimfikia kwenye vidole vya miguu.

"Mama, hili kubwa."

"Utalivaa baadaye."

"Likizo gani ina baadaye?"

Dobi alilichukua gauni, akalikunja upya, akafunga sanduku.

Stesheni, fundi friji alipanda kwanza na mizigo, akaketi upande usiotazama jukwaa. Dobi alimfuata, akasimama dirishani, akanyoosha mkono, akaanza kuipapasa kola ya Chiriku kwa kiganja, kuilaza, kuilaza tena. Nilidhani atasema. Midomo yake ilicheza. Filimbi ikalia, treni ikajivuta, mkono ukaenda nayo.

Tukabaki watatu jukwaani. Chiriku alipunga mkono hadi behewa la mwisho lilipopinda nyuma ya maghala, kisha akamgeukia dada mtu.

"Likizo inaisha lini?"

Dada alinitazama mimi. Mimi nikatazama reli.